Kulala Sakafuni Mchana

Jino langu la gego lilivunjika nikiwa nasahihisha madaftari ya Hisabati ya Gredi ya Sita. Mdomoni sikuwa na kitu, hata njugu. Nilikuwa nimefika kwa mtoto aliyejumlisha nusu na thuluthi akapata mbili juu ya tano, ndipo niliposikia kitu kimepasuka ndani ya kichwa. Nikatema kipande cheupe kiganjani. Mwalimu mwenzangu aliyeketi mkabala nami alidhani ni chaki.

Daktari wa meno aliniuliza huwa natafuna nini. Nikamwambia chakula. Akanibonyeza taya kwa vidole viwili, akaniambia niachame, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alisema meno yangu yote ya nyuma yamelika kwa kusagana yenyewe kwa yenyewe, na kwamba misuli ya taya langu hadi mabegani ni migumu mno kwa mwanamke wa umri wangu. Aliliziba lile jino, kisha akaniandikia karatasi ya kwenda chumba cha tiba ya viungo. Nilitoka nimekasirika. Nilikuja kwa ajili ya jino, narudishwa nyumbani na karatasi ya mabega.

Sababu ya kusaga meno niliijua, ila sikumwambia. Mume wangu ni polisi, na wakati huo alikuwa katika mwaka wake wa pili kwenye kambi moja karibu na Diff, kule mpakani mwa Somalia. Mimi nilibaki mjini Garissa, nafundisha, naishi kwenye nyumba ya mabati katika laini za polisi pamoja na wake wengine walioachwa na waume zao waliopelekwa mbele. Sisi ni watu wa bara, na binti yetu alikuwa huko bara kwa mama yangu. Kila siku saa kumi na moja jioni mume wangu alinipigia simu. Hatukuwa na maneno mengi. Umekula? Nimekula. Kuna joto? Kuna joto. Haya, kesho basi. Dakika mbili, na siku yangu ilikuwa imekwisha salama.

Lakini mnara wa simu wa kule ulikuwa ukiangushwa mara kwa mara na washambuliaji, na ukianguka, kambi nzima inanyamaza. Siku mbili, siku tano, safari moja siku tisa. Katika siku hizo hakuna wa kuuliza. Wakubwa ofisini wanakwambia wangepata habari wangekuambia, na hilo jibu halimlazi mtu. Niliogopa. Sina neno lingine zuri zaidi la kuweka hapo. Niliogopa nikiwa nafundisha, nikiwa nafua, nikiwa nacheka na wenzangu, na mwili ukajifunza kuogopa bila hata kunitaarifu.

Mtaalamu wa viungo niliyemkuta huko alikuwa mama wa Kisomali, mwenyeji wa Garissa, mnene, mwenye mtandio wa rangi ya kahawia na mikono yenye nguvu ya mtu aliyekanda migongo mingi. Nilikuwa nimemfundisha mwanawe, kwa hiyo hakuniita jina wala mgonjwa, aliniita mwalimu. Alinizunguka mara moja nikiwa nimesimama.

"Mwalimu, hii bega yako imebanda mbaka kwa masikio," akasema, kila p yake ikitoka kama b. "Nani ameiita huko?"

Aliniambia nilale chali kitandani, nifumbe macho. Akasema atauinua mkono wangu na mimi nisimsaidie, kazi yote ni yake. Akauinua. Nikahisi ameushika kwenye kifundo, kisha nikahisi ameuachia. Nikangoja kitu kingine kitokee. Hakikutokea. Nilipofumbua macho nikauona mkono wangu umesimama hewani peke yake, na yeye amekaa pembeni amekunja mikono yake kifuani.

"Haianguki," akasema. "Wewe unajibu swali gani, mwalimu?"

Nilicheka, lakini nilikuwa na aibu. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimeulegeza.

Basi akanifundisha. Mwili uliokaza muda mrefu, alisema, umesahau kulegea kukoje, na hauwezi kuamrishwa tu ulegee. Inabidi uukaze zaidi, makusudi, ndipo ukiuachia uone tofauti. Kwa hiyo unakunja ngumi, unakaza, unahesabu mpaka tano, kisha unaachia kwa mara moja, si kidogo kidogo. Unakaa hapo ukihesabu mpaka kumi, unausikiliza mkono. Halafu mkono wa juu. Halafu paji la uso, macho, taya, mabega unayoyapandisha makusudi na kuyaangusha, tumbo, mapaja, mpaka vidole vya miguu. Panapouma usikaze sana. Na usizuie pumzi.

Kuhesabu nilikupenda. Mtu wa Hisabati ukimpa namba anatulia. Lakini kwenye kuachia nilifeli vibaya. Nilikunja ngumi vizuri, nikahesabu vizuri, na alipotamka achia, vidole vikafunguka nusu, vikagoma. Kucha zilikuwa zimeacha alama nne kiganjani. Akavifungua mwenyewe kimoja kimoja, huku akinong'ona bismillahi.

"Bumua, abaayo," akasema, na hapo nikajua nimeshuka kutoka mwalimu mpaka dada. "Hapa hakuna simu."

Nikafungua mdomo nimjibu kitu cha kujitetea, nikaanza kulia badala yake. Sikuwa nimemwambia habari za simu. Baadaye alinieleza kwamba wake wa polisi wanaoletwa kwake anawajua kwa mkono wa kulia, maana ndio unaoshika simu na ndio wa mwisho kufunguka.

Alinipa kazi ya nyumbani: mara mbili kwa siku, sakafuni, juu ya mkeka. Nilikuwa natoka shuleni saa nane na nusu, na saa tisa nyumba ya mabati ni joto tupu. Saruji ya sakafu ndiyo pekee iliyokuwa na ubaridi. Nilikuwa natandika mkeka karibu na mlango, naacha mlango wazi ili upepo upite chini ya pazia, nalala chali na simu kando yangu, nakaza na kuachia mpaka saa kumi na moja ifike. Wiki ya pili taya lilianza kunielewa. Siku moja nilisikia mabega yameshuka yenyewe nikiwa ubaoni, nikasimama pale na chaki mkononi nisijue nimepoteza nini. Nilifurahi kama mtoto. Nilianza hata kujiona hodari.

Halafu mnara ukaanguka tena.

Siku ya tatu ya kimya nilifika nyumbani nikiwa nimekaza mwili mzima, nikaona leo ndiyo siku ya kuona kama somo limeingia. Nikatandika mkeka, nikalala, nikaanza na mikono. Nilijitahidi kweli. Nilipofika miguuni nilikuwa nimelegea kuliko siku zote, mikono imeanguka huku na huku, mdomo wazi kidogo, simu karibu na vidole. Ndivyo alivyonikuta jirani yangu.

Alikuwa mke wa koplo aliyekuwa kambi moja na mume wangu, mwanamke mcheshi kutoka magharibi, aliyekuja kunirudishia chujio la chai. Alifunua pazia. Sikumsikia akibisha hodi, au labda alibisha na mimi nilikuwa mbali. Nilichosikia ni chujio kuanguka, kisha ukemi. Si ule wa kuita mtu. Ule wa msiba.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kulikumbuka. Katika zile laini, mwanamke halali sakafuni mchana. Hakuna aliyeiandika amri hiyo popote. Lakini mwaka uliotangulia, mwenzetu wa nyumba ya mwisho alipigiwa simu mchana na mtu aliyekuwa huko mbele, kabla wakubwa hawajaleta gari na kasisi kumpa habari ya kifo cha mumewe kwa utaratibu. Tulimkuta kwenye saruji, chali, simu kando ya mkono. Tangu siku hiyo kila mtu, hata akiumwa na kichwa, hulala kitandani ama huketi. Watoto wanaocheza kulala sakafuni huinuliwa kwa kofi. Nami nilikuwa mmoja wa waliomwinua mama yule, nikamshika kichwa, kisha nikarudi nyumbani kwangu na baada ya miezi nikatandika mkeka palepale pa watu kuona.

Nilipoinuka kuketi, mlango ulikuwa umejaa. Walikuja na kanga, na mikono yenye sabuni, mmoja na mtoto titini. Walikuwa wanaitazama simu yangu. Kisha kila mmoja akatoa yake, wakaanza kupiga, wote kwa pamoja, na kutoka kila simu ile sauti ya mwanamke asiye na haraka ikawa inasema kwamba mteja hapatikani. Mke wa koplo alikuwa amekaa chini, amejishika kichwa, anaita jina la mumewe na la Yesu kwa zamu.

Nikasema hakuna kitu. Nikarudia. Nikasema nilikuwa nafanya mazoezi, ya kulegeza misuli, ya hospitali. Nilikuwa nasema ukweli na ulitoka kama uongo wa kitoto. Ilichukua muda mpaka wakaelewa, na walipoelewa hakuna aliyecheka. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwingine akamnyamazisha.

Aliyebaki nyuma ni mke wa inspekta, mkubwa wetu sote kwa umri, aliyezunguka na mumewe katika vituo vya kaskazini tangu Buna hadi Banissa na ambaye sijawahi kumwona akikimbia isipokuwa siku hiyo. Aliukunja mkeka wangu, akausimamisha nyuma ya mlango.

"Mwalimu, pumzika ukiwa umekaa," akaniambia. "Hapo chini usilale tena. Utatuua sisi."

Nilijaribu kukasirika, kwa maana ndilo jambo ninalolijua. Nilijiambia kwamba hata sakafu yangu si yangu, kwamba mwanamke hawezi hata kupumua hapa bila kamati. Lakini hasira haikukaa. Niliketi kitandani mpaka jioni, na saa kumi na moja simu haikulia.

Kuanzia hapo nilijifunza upya, nikiwa nimekaa. Nilikaza miguu chini ya meza ya walimu. Nilikaza mikono ndani ya bakuli la unga wa chapati, na hiyo angalau ilizaa kitu. Wenzangu waliniona, wakauliza, mwishowe wakataka kufundishwa. Kwa hiyo siku za kungoja lori la maji ungetukuta tumepanga mitungi foleni, wanawake tisa tumekaa juu yake, tunakunja ngumi kwa hesabu yangu na kuzifungua. Tulipofika kwenye kukaza uso, mke wa koplo alitazama nyuso zetu zilizokunjamana akacheka mpaka akaanguka kutoka juu ya mtungi. Askari wa getini alitusalimia kwa tahadhari. Hiyo ndiyo siku moja ninayoikumbuka kwa furaha, na hata hiyo tulikuwa na simu mapajani.

Mnara ulisimamishwa tena siku ya sita ya kimya kile. Mume wangu alipiga saa kumi na moja kamili. Umekula? Nimekula. Sikumwambia habari ya mkeka. Baada ya mwezi mmoja hivi akapata likizo ya siku saba.

Nilikuwa nimemngoja kwa hamu ya mke, na pia, nakiri, kwa hamu ya mwalimu aliyepata somo jipya. Alishuka kwenye lori amekonda, amejaa vumbi jekundu, akanipa mkono badala ya kunikumbatia kwa sababu watu walikuwepo. Ndani ya nyumba alikihamisha kiti chake cha siku zote, akakiweka mgongo ukutani, uso mlangoni. Alikula upesi, akiwa ameinama juu ya sahani. Mlango wa jirani ukibamizwa na upepo, mkono wake ulikuwa unafika nyongani kabla macho hayajafika mlangoni. Nilipomgusa bega nilishtuka. Langu, wakati daktari ananiandikia karatasi, halikuwa kitu.

Nilikwenda kwa yule mama wa viungo kumuuliza. Akasema nimlete. Mume wangu akakataa, akasema hana ugonjwa. Akasema nikitaka kumfundisha mimi, basi nimfundishe, maana mshahara wangu serikali inanilipa kwa kazi hiyo. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne nyumbani, saa kumi alasiri, na nilifurahi kuona bado anaweza kunitania.

Nikamketisha kitini, nikachuchumaa mbele yake. Ngumi. Kaza. Alikaza vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye, mishipa ikasimama mpaka shingoni. Nikahesabu mpaka tano, nikamwambia aachie. Hakuna kilichobadilika. Alifungua vidole kwa sababu nimesema vifunguliwe, lakini mkono ulikuwa uleule. Tukarudia. Tukarudia tena. Nikahamia kwenye mabega, nikamwambia ayapandishe mpaka masikioni, ayashikilie, ashikilie, sasa ayaangushe.

Yakaanguka.

Sikutarajia. Nadhani naye hakutarajia. Yalishuka, na uso wake ukashuka nayo, ukawa uso wa yule kijana aliyenioa, mdomo wazi kidogo, macho yametulia kwangu bila kutafuta mlango. Nilikaribia kupiga makofi. Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka. Ilianzia vidoleni, ikapanda mpaka viwikoni, magoti nayo yakaitikia. Aliitazama akiwa haelewi. Nikaishika, ikatetemeka ndani ya mikono yangu, nami nikawa namwambia apumue, apumue, nikisahau hata kuhesabu.

Alijinasua polepole, akasimama, akatoka uani. Nilimsikia akijimwagia maji usoni, kopo baada ya kopo, maji ya foleni. Aliporudi alikuwa amekaza tena. Aliketi kitini pake, mgongo ukutani.

"Usinilegeze, mwalimu," akasema. "Hapa utanilegeza. Kule nani atanikaza?"

Nimesimama mbele ya watoto miaka mingi, hata swali nisilolijua huwa nalipatia jibu la kulizungusha. Hilo sikuweza hata kulizungusha. Alieleza kidogo, bila ukali. Ile barabara ya doria, inayotegwa mabomu, alisema, unaipita ukiwa umekaza kutoka mwanzo hadi mwisho, na siku utakayoegemea kiti ndiyo siku yenyewe. Kisha akaniuliza kama kuna chai.

Nilipomsimulia yule mama wa viungo, alitembeza tasbihi. Nilitaka aniambie kuna njia nyingine, zoezi la watu wanaorudi. Alisema tu kwamba mtu huweza kufunguliwa akiwa amefika, na huyu hajafika. Akaniombea dua kwa Kisomali, nami nikaitikia amina zote bila kujua nimeombewa nini.

Siku ya saba lori lilikuwa lije saa tisa. Alivaa sare tangu saa saba, akafunga viatu, akaweka begi mlangoni, akaketi kungoja. Joto lilikuwa jingi na mabati yalikuwa yanalialia juu yetu. Nilikuwa nampangia chapati kwenye kopo la bati, nikageuka kumwambia kitu, nikamkuta amelala. Kichwa kimeegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku zote hizo kumwona amelala mchana, na pumzi zake zilikuwa ndefu na nzito kabisa.

Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe mwili wenyewe umejifunza, umeiba somo bila ruhusa yake. Nikanyata, nikapiga goti kando ya kiti. Nikaushika mkono wake wa kulia kwenye kifundo, taratibu, kama nilivyofanyiwa, nikauinua mpaka usawa wa bega. Kazi yote ilikuwa yangu. Nikauachia.

Haukuanguka. Ulibaki pale hewani, vidole vimejikunja kidogo, na yeye amelala fofofo, anakoroma.

Nikangoja. Nikahesabu mpaka tano, nikahesabu mpaka kumi. Mwishowe nikaushika kwa mikono yangu miwili, si kuuteremsha, maana niliogopa kuuteremsha, nikaushikilia tu palepale ulipokuwa ili angalau usijishikilie wenyewe. Nilipiga goti hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Honi ya lori ikalia getini.

Alifumbua macho, akautazama mkono wake ndani ya mikono yangu kana kwamba ni wa mtu mwingine, akauliza kama lori limefika. Nikamwambia ndiyo, limefika.